Helmeti Iliyonikaa Sawasawa

"Usiitoboe hata tundu moja," mume wangu alisema, akiiweka ile helmeti nyekundu juu ya cherehani yangu. "Ganda likitobolewa, siku likigonga jiwe linapasuka."

"Kwani ina shida gani?"

"Inacheza kichwani. Wewe si fundi wa makochi? Sponji zimejaa humu ndani. Ijaze mpaka itulie."

"Kichwa chako hakiingii humu hata ukikipaka mafuta."

Akacheka. Yeye ni mwongozaji wa kayaki, vile vijitumbwi vyembamba vya plastiki wanavyoshuka navyo wageni kwenye maji ya kasi, na ukubwa wa kichwa chake unajulikana ukoo mzima.

"Nani kasema ni yangu? Jipime wewe. Ikikukaa wewe, imekaa."

"Ya nani basi?"

"Maswali, mke wangu! Fanya kazi kwanza."

Jamani, mwanamke akipenda hujijibu mwenyewe. Miaka tisa ya ndoa nimemwomba anipeleke mtoni, walau nikayaone hayo maji yanayonichukulia mume wiki nzima. Kila mwaka jibu ni lile lile: hakuna helmeti ya saizi yako. Leo kaleta ndogo, anasema nijipime. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Nikaweka pembeni kochi la mteja. Nilichagua sponji ngumu isiyonywa maji, nikaikata vipande vyembamba, nikapaka gundi ya viatu na kungoja ishike kidogo ndipo nibandike: viwili mbele, viwili ubavuni, kimoja kisogoni. Najifunga mkanda kidevuni, natikisa kichwa, naisukuma kutoka mbele kwenda juu. Ikipanda ikaacha paji la uso wazi, nabandua naanza upya. Siku tatu! Ya tatu, saa nne asubuhi, ikagoma kusogea. Nikasimama mbele ya kioo nayo kichwani, nikijichekea kama mwali.

"Hodi! Ee wifi, helmeti yangu imekupendeza!"

Mlangoni alisimama dada mmoja mrefu, mabega ya kupiga kasia, nywele za kusuka kazifunga fundo kisogoni. Tabasamu lake halikuwa na hila hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Wifi?" nikauliza.

"Samahani, nimekurupuka. Wewe si dada yake? Aliniambia dada yake ni fundi, anaishi nyumba ya geti la bluu. Alisema ataniletea mwenyewe, ila kesho naanza kuongoza wageni. Nikaona nije tu."

Nikaivua helmeti polepole.

"Karibu, kaa. Nikupime."

"Hujambo lakini? Umebadilika ghafla."

"Sijambo. Inamisha kichwa."

Kichwani kwake haikukaa. Mbele ilipwaya, nyuma fundo la nywele liliisukuma hadi kwenye nyusi. Nikachukua kisu, nikaanza kubandua vipande nilivyovikata kwa ajili ya paji langu.

"Mmeanza lini?" nikamuuliza, macho kwenye gundi.

"Mwaka sasa. Kwani hakukwambia? Na Jumamosi anakuja kwetu kujitambulisha! Mama ameshaosha mapazia yote."

Jumamosi. Mimi aliniambia atalala kambini, kuna kundi la wageni. Nikabandika kipande kinene mbele, kisogoni nikaacha nafasi ya nywele. Nikamfunga mkanda.

"Tikisa kichwa."

Akatikisa. Ikatulia. Nikaisukuma kwa kiganja, haikupanda.

"Wifi, una mkono wa dhahabu!"

"Ngoja nimwambie mwenyewe iko tayari."

Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu.

"Mume wangu, helmeti imekaa."

"Ndiyo maana nakupenda, mke wangu! Leo nitapitia kuichukua."

Yule dada alishika ukingo wa meza.

"Na Jumamosi?" nikauliza. "Bado unalala kambini?"

"Nifanyeje, kazi ni kazi. Nitakukumbuka."

"Kambi gani?" dada akasema, sauti imempasuka. "Mama yangu ndiye kambi?"

Simu ikakatwa.

Tukabaki tunatazamana, yeye na helmeti yake kichwani, mimi na kisu mkononi. Machozi yakamshuka hadi kwenye mkanda.

"Dada, naapa sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingeniita wifi kwa furaha vile."

"Lakini wewe ulishajua tangu nimeingia. Ungeweza kuilegeza, mimi nisingegundua. Mbona umeitengeneza vizuri?"

"Kesho utakuwa kwenye mawe. Hasira yangu si ya kichwa chako."

Aliondoka bila kuaga. Huko njiani alimwandikia mume wangu ujumbe, akanitumia na mimi nakala: "Jumamosi usije kwetu. Mama nitamweleza mwenyewe. Kazini tusalimiane kama watu wengine." Mimi ninayewashauri mashoga zangu wasilie kwa ajili ya mwanaume, nilikaa chini nikalia mpaka gundi ikakauka kwenye kopo.

Jioni mume wangu akaja, mpole kama mgonjwa. Alikuta begi lake mlangoni. Nyumba ni ya marehemu baba yangu, kwa hiyo hatukuwa na mengi ya kubishania.

"Mke wangu, nisikilize. Ni shetani tu."

"Shetani alijua geti la bluu?"

"Nimekosa. Lakini..."

"Mafundi wamejaa mjini. Kwa nini uniletee mimi?"

Akainamisha kile kichwa chake. Nadhani hilo ndilo neno pekee la kweli alilonipa mwaka mzima:

"Nilihofia maisha yake. Wengine wanalipua kazi. Wewe huharibu kitu."

Kumbe alinijua. Alinijua vizuri kabisa, akautumia uaminifu wangu kumlinda mwenzangu.

"Nilidhani ni yangu," nikamwambia.

"Nini?"

"Helmeti. Siku tatu nilidhani ni yangu. Niliacha na kazi za watu."

Akasema kwa sauti ya chini, "Wewe? Mtoni? Sikujua kama ulikuwa unataka kweli."

Nikamsogezea begi kwa mguu.