Siku Gari la Wagonjwa Lilipopotea

Kaka yangu ni dereva wa lori. Kila mchana aliliegesha mbele ya nyumba yetu, akala, akalala kidogo, ndipo akarudi barabarani. Bosi wake hakujua. Kaka alikuwa amenunua kidude fulani, akakichomeka ndani ya lori. Kikiwaka, bosi haoni kwenye simu yake lori liko wapi.

"Bosi atanitafuta mpaka achoke," alisema akicheka. Baba naye alicheka. Baba yetu alipenda maneno, jamani! Akianza kusimulia, chai inapoa mkononi.

Mchana mmoja, lori likiwa nje, baba alianguka jikoni. Mdomo ulikwenda upande. Nikapiga simu hospitali, gari la wagonjwa likatumwa.

Tulisikia king'ora. Kikakaribia, kikapotea, kikasikika upande wa pili. Mtaa wetu nyumba zote zinafanana, na vichochoro havina majina. Nilitoka mbio, miguu peku. Nikalikuta gari limekwama kwenye ukuta wa kiwanda.

"Siyo huku!" nilipiga kelele.

"Dada, ramani ya gari imezimika ghafla," dereva alisema, jasho linamtoka. "Tangu tuingie mtaa huu, haijui tulipo."

Baba hakufa. Lakini daktari alisema tumechelewa. Mkono na mguu wa kulia vilipooza. Kusema, hawezi tena.

Jirani yetu ni fundi kwenye mnara wa televisheni. Tunamwita Mama Mnara. Alikuja kumjulia hali baba, nikamweleza yote. Akamgeukia kaka.

"Mwanangu, lori lako lina kidude cha kumkimbia bosi?"

Kaka aliinamisha kichwa.

"Ramani ya gari husikiliza setilaiti," alisema Mama Mnara. "Ziko juu mno. Mawimbi yake yakifika hapa ni hafifu. Kidude chako kinayapigia kelele. Magari ya karibu nayo hayasikii kitu."

"Nilitaka kumficha bosi tu."

"Ukamficha na baba, gari la wagonjwa lisimwone," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, wala sikumwonea huruma.

Kaka alilia. Kisha akauliza, "Hakuna njia nyingine ya gari kujua lilipo?"

"Ipo. Minara ya televisheni iko karibu, na mawimbi yake yana nguvu. Hupenya hata kuta. Mnara hauhami, mahali pake panajulikana. Kifaa kinapima mawimbi ya minara kadhaa yamechukua muda gani kufika. Hapo kinajua gari liko wapi."

"Yaani tamthilia zinaonyesha njia?" nikamkatiza.

"Si picha, mwanangu. Ni mawimbi yanayobeba picha. Na setilaiti hatuziachi. Hii ni akiba. Zikinyamaza zile, hii inaongea. Hospitali wanataka kuijaribu."

Kaka aling'oa kidude, akampelekea bosi, akasema ukweli wote. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Akaenda hospitali pia, akawaeleza madereva kilichowapoteza.

Magari ya wagonjwa yalifungwa kile kifaa kipya. Juzi mtoto wa jirani mwingine alishikwa na pumu. Lori la mtu mwingine lilikuwa limeegeshwa mtaani, nalo lina kidude kama kile. Setilaiti zikanyamaza. Gari la wagonjwa likaja moja kwa moja mpaka mlangoni. Mtoto amepona, anacheza.

Kaka aliingia ndani kumsimulia baba. Akamfuta mate, akamshika mkono, akaomba msamaha kwa mara nyingine. Baba alimtazama tu. Sijui kama amemsamehe. Hawezi kutuambia.