Aliyetoka Siku ya Uhuru

Haya yalimpata rafiki yangu Elinipendo, mtangazaji wa redio hapa Moshi. Mchana wa tarehe tisa Desemba alipanda Machame kumrekodi Bibi Leonia kuhusu siku ya Uhuru, mwaka 1961.

"Shikamoo, bibi. Siku ile unaikumbuka?"

"Marahaba. Mume wangu alitoka kwenda kutazama sherehe. Hajarudi mpaka leo."

Ukungu ukafunika migomba, ndani kukawa giza. Mlango ukagongwa mara tatu. Elinipendo akainuka.

"Kaa, mjukuu wangu," bibi alinong'ona. "Usimfungulie."

Elinipendo akaketi tena. Kisha kiti kitupu kando yake kikatoa mlio, kama kimekaliwa. Aliwasha tochi ya simu. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo. Nyayo mbichi za miguu mitupu zilitoka mlangoni, zikaishia kwenye kile kiti.