Mfuaji wa Jumba la Harthwaite

Sabuni ilitoa povu.

Hapo ndipo Beryl Ackroyd alipopaswa kuacha kila kitu na kukimbia. Sabuni iliyolala ardhini tangu enzi za bibi yake bibi, ngumu kama kisigino cha mchungaji wa kondoo, haitoi povu. Lakini Beryl alikuwa amechoka, tena uchovu ule ambao mtu ukimwambia nyumba yake inaungua, anauliza kama moto umefika chumbani au anaweza kujilaza kidogo.

Kiangazi kizima yeye na wastaafu wenzake wa Thornby walikuwa wamejitolea kufukua banda la kufulia la Jumba la Harthwaite, mahali ambapo watumishi walifua shuka za mabwana. Mvua zilipoanza, wakafunga mashimo, na kila mmoja akapewa trei ya vitu vya kwenda kuosha nyumbani: vigae, vifungo, vishikio vya vikombe, na katika trei ya Beryl, kipande cha sabuni ya kale. Vifaa ni beseni la plastiki na mswaki mkuukuu, basi. Pippa, binti msomi aliyewaongoza, alionya: chuma kisiguse maji, na ile sabuni ndiyo kabisa. Beryl alisikia. Ila mumewe, Wilf, aliita kutoka sebuleni, naye akamimina trei nzima ndani ya beseni akaenda kumgeuza ubavu.

Wilf kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja. Kitanda chake kilishushwa sebuleni, kando ya televisheni. Binti yao alishatafuta makao ya wazee, yenye bustani na samaki wa rangi. Beryl alikataa. Aliapa kwamba mumewe hataguswa na mikono ya watu baki maadamu yeye anaweza kusimama.

Asubuhi vigae vilikuwa vimeoshwa, vimepangwa juu ya gazeti. Vyombo vya jana navyo vilimetameta. Jikoni kulinuka magadi na mvuke.

"Wilf, nimeviosha saa ngapi?"

"Unaniuliza mimi? Nimekuita mpaka koo limekauka, wewe huko krr, krr, krr na mswaki wako."

"Nilikuwa kitini hapa, mzee. Nimelala."

"Basi huyo mwenzako mwambie madirisha nayo yana uchafu."

Wakacheka. Mwezi wa Novemba kule Yorkshire, Uingereza, giza huingia kabla ya chai ya jioni, na kila taa zilipowashwa, krr, krr ikaanza. Beryl alipoamka kitini alikuta mashati yamenyooshwa, vitasa vya milango vinang'aa, hata soli za viatu zimesuguliwa. Angeweza kumwita mtu. Hakumwita. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kulala usingizi usiokuwa na sikio moja wazi, na mtu aliyekosa usingizi hamuulizi jini kitambulisho.

Mpaka Wilf aliposema, kwa sauti ndogo isiyo na mzaha, "Mama, jana ulinisugua mno."

"Jana sikukuogesha."

Wakatazamana. Beryl akafunua blanketi. Kifua cha mumewe kilikuwa chekundu kama kamba aliyechemshwa, na juu ya mbavu ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka kwa mistari, mistari, kama kitu kilichopitishwa kwenye ubao wa kufulia.

"Mikono yake ni baridi," alinong'ona Wilf. "Nilijua si yako. Nikaogopa kusema, maana ulikuwa umelala vizuri."

Jioni ile Beryl alifumba macho kitini bila kulala, na taa ilipowaka mvuke ukaingia sebuleni bila birika kuchemka, ukatambaa juu ya zulia, ukapanda miguu ya kitanda, na ndani ya mvuke ikaja mikono miwili iliyokunjwa nguo hadi viwikoni, myeupe, iliyolowa mpaka ngozi imekunjamana na kucha zimelegea, mikono isiyokuwa na mwenyewe, ikaanza kumsugua Wilf kutoka shingoni kushuka chini, bila chuki, bila haraka, kama inavyosuguliwa shuka, na shuka ikishasuguliwa hukamuliwa, na ile mikono ikamshika Wilf mmoja begani, mmoja nyongani, ikaanza kusokota.

Beryl akamrukia mumewe, akamlalia. Mikono ikasimama hewani. Kisha ikarudi jikoni, ikaendelea na vikombe.

Kesho yake alimwita Cuthbert Ogle, kasisi mstaafu aliyechimba naye shimo moja akiwa amepiga magoti juu ya mto wa kitanda cha paka wake.

"Beryl, mama," alisema akivua kofia, "maisha yangu yote nimefukuza popo tu, kanisani. Na walirudi."

"Jaribu hivyo hivyo, Kasisi. Leo yule mfuaji atamvunja Wilf."

Giza likashuka. Krr, krr. Kasisi akasoma, akanyunyiza maji ya baraka. Maji yakaanikwa hewani, yakasuguliwa, yakaanguka sakafuni yakiwa na povu. Mvuke ukaelekea kitandani. Kasisi akarudi nyuma mpaka akagongana na televisheni.

"Dawa yangu ndiyo hiyo," alinong'ona. "Imeisha."

Wilf alikuwa amefumba macho, mkono wake mzima umeshika ukingo wa kitanda. Beryl akaitazama ile mikono iliyolowa. Akaona ilivyotetemeka. Akajua tetemeko lile. Alilijua kutoka kwenye mikono yake mwenyewe, kila jioni, akishika kijiko.

"Dada," alisema taratibu. "Basi. Umefanya kazi ya kutosha. Huyu mwache, huyu ni wangu. Wewe nenda kapumzike."

Mswaki ukaanguka jikoni.

Wakasikia aproni nzito ya maji ikivuliwa. Wakasikia nyayo zilizolowa zikipanda ngazi, moja, nyingine, zikipumzika katikati kama za mama mwenye magoti mabovu. Juu, kwenye chumba cha wageni, kitanda kikalia. Mvuke ukaisha.

Kasisi aliondoka bila kumaliza chai yake, akisema Mungu ni mkubwa, akisahau kofia. Beryl akampaka Wilf mafuta ya ngozi, akambusu paji la uso, akaketi. Nyumba ilikuwa kimya. Aliketi kama dakika mbili hivi.

Dari ikagongwa. Ngo, ngo, ngo.

"Mama," alinong'ona Wilf, "kuna mtu anagonga huko juu."

"Nasikia."

"Anataka nini?"

"Anachotaka kila mtu aliye kitandani, mpenzi. Kinywaji cha moto, na mtu wa kukileta."

Beryl akajishikiza mezani, akasimama kwa awamu, mgongo ukilia. Akatia maji kwenye birika. Akatoa kikombe cha Wilf. Akasita kidogo, akatoa na cha pili.

Dari ikagongwa tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kama na mtu aliyekwisha kuzoea kuhudumiwa.