Mayai Tisa ya Soksi

Jioni ile nyumbani walikuwepo wanne tu: Mama Pipi, binti yake Pipi, wa miezi saba, wifi yake, aliyekuja kumsaidia kazi wakati mume yuko safarini, na Soksi. Soksi alikuwa kuku. Fundi hakuwepo. Hilo Mama Pipi aliliapia baadaye kwa kila aliyemuuliza. Fundi alikuwa amelazwa hospitali, siku ya kumi na sita.

Soksi alikuwa kuku wa Fundi, mshona nguo wa chumba cha pili, mwanamke wa makamo asiyejaliwa mtoto. Alikuwa wa aina ya Brahma, wale wakubwa, wapole, wenye manyoya yanayoshuka mpaka vidoleni. Ukichuchumaa anakupanda mapajani na kufumba macho. Wifi alipomwona mara ya kwanza alishika kiuno.

"Huyu naye ni kuku? Akifungwa kitambaa kichwani, wifi, mimi nitamwamkia!"

Pipi alipozaliwa, kila asubuhi Fundi alikuwa akiacha yai moja la kahawia dirishani. Hakubisha hodi, asije akamwamsha mzazi. Na kabla hajampakata mtoto alikuwa akisugua viganja vyake mpaka vipate moto, kwa sababu, alisema, mtoto hapaswi kuanza siku kwa kushtuka.

Ndiye huyo aliyesimama mlangoni siku ya kwenda hospitali, mfuko wa nguo mkononi, gari likimngoja nje.

"Soksi anaatamia mayai tisa. Ameshakaa siku tano, zimebaki kumi na sita. Usimwondoe, mwanangu. Mpe maji, mpe chakula, basi. Wakitoka, mmoja ni wa Pipi."

"Wala usiwe na wasiwasi, Fundi."

Na kweli alimtunza. Alimwekea maji karibu ili asitembee mbali. Alimfuta matope kwenye manyoya ya miguu. Lakini siku ya kumi na nane ya kuatamia banda lilianza kunuka, na banda liliegemea ukuta wa chumba anacholala Pipi. Mama Pipi alikuwa amesikia watu wakimulika mayai. Alizima taa, akaweka yai juu ya tochi ya simu. Giza. La pili, giza. Yote tisa yalikuwa meusi, isipokuwa upenyo mdogo wa mwanga upande wa juu.

Alijua yai zima huonyesha mishipa myembamba, kama nyuzi nyekundu. Haya hayakuonyesha chochote. Viza, alijiambia. Yote viza.

Akayatupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, akayafunika kwa majani. Soksi alipoanza kuzunguka akilia, alimwonea huruma, akamwekea mawe tisa ya duara. Kuku akayakalia, akayavuta kwa mdomo chini ya kifua, akatulia. Harufu haikuisha. Kesho yake aliona ilitoka kwa panya aliyekufa chini ya ubao.

Siku ya ishirini alikwenda duka la dawa za mifugo kununua chakula, akauliza tu, kama mtu anayepita.

"Yai likiwa giza lote, na mwanga kidogo juu?"

Muuzaji alicheka. "Huyo kifaranga amejaa, mama. Anakaribia kutoka. Viza gani?"

Akageuka kurudi nyumbani. Hata mlangoni hajafika, simu ikaita. Fundi. Sauti ndogo, kama inapita kwenye kitambaa.

"Wanangu wazima?"

"Wazima kabisa, Fundi."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Usiku huo hakulala. Lakini hakwenda shimoni.

Siku ya ishirini na moja, jua likizama, wifi alichukua ndoo kwenda bombani. Mama Pipi akamweka mtoto kiunoni, akaenda kufunga banda. Ua ulikuwa kimya.

Halafu akasikia.

Piu…

Alisimama.

Piu… piu…

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Ilikuwa nyembamba sana, kama ya kitu kilicho chini ya blanketi. Hatua ishirini tu mpaka shimoni. Hakwenda. Alijiambia ni masikio yake tu, ni roho yake inayomsuta. Akabana mlango wa banda, akaimba kidogo ili asisikie.

Ndipo ikamjia harufu. Mafuta ya cherehani… na sabuni ya hospitali.

Fundi alikuwa ameketi kando ya banda, juu ya ndoo iliyofudikizwa. Amevaa gauni la wagonjwa. Miguu mitupu.

"Fundi! Umeruhusiwa lini? Mbona hukupiga simu tukaja kukuchukua?"

"Si leo ndiyo siku yao?" Alinong'ona. "Nipe Pipi nimpakate."

Akasugua viganja. Vililia kama karatasi kavu. Alisugua muda mrefu, na Mama Pipi akawa anatazama. Angeweza kusema mtoto ana usingizi. Angeweza kusema ngoja. Lakini angemnyimaje, yeye, mtu aliyemfanyia yale? Akamtoa mtoto kiunoni, akampa.

Vidole vyao viligusana. Vya Fundi havikuwa vimepata moto.

"Nionyeshe wanangu."

"Bado hawajatoka."

"Bado?"

"Bado, Fundi. Labda kesho."

Fundi alimkunja mtoto kifuani, akamfunika kwa gauni. Pipi, ambaye hakuwahi kukaa kimya kwa mtu, alikaa kimya.

"Wapo chini ya mama yao?"

"Wapo."

Akamkunja zaidi. Sasa ulionekana utosi tu.

Piu… piu… piu…

Fundi aliinua kichwa, taratibu, akageukia nyuma ya nyumba. Akaanza kumbembeleza Pipi kwa kuyumba, mbele, nyuma. Utosi nao ukazama ndani ya gauni.

"Fundi, nipe mtoto."

"Bado," alisema Fundi. "Labda kesho."

Mama Pipi akaanguka mbele ya ndoo, akashika pindo la gauni kwa mikono miwili, macho amefumba.

"Niliwatupa! Niliona giza nikadhani ni viza. Jana nikajua, nikakudanganya. Na sasa hivi ninawasikia, ninawasikia, ila naogopa kwenda kuangalia nilichofanya. Nisamehe mimi. Mwanangu hana kosa. Fundi, nisamehe!"

Fundi akaacha kuyumba.

"Na mimi ninawasikia," Fundi akanong'ona. "Tangu asubuhi."

Upepo ukapita. Mama Pipi alipofungua macho, alikuwa ameshika mdomo wa ndoo.

Hapakuwa na mtu juu yake.

"PIPI!"

Wifi alikuja mbio, maji yakimwagika njia nzima. Walitafuta chumbani, chini ya kitanda, nyuma ya pipa. Wifi ndiye aliyefungua banda.

"Wifi… njoo. Njoo taratibu."

Pipi alikuwa amelala ndani ya kiota, usingizi mzito. Soksi alikuwa amemfunika kwa bawa lote, kifua kimetandazwa juu ya tumbo lake. Mawe tisa yalikuwa yamepangwa nje, kando ya mlango, mstari mmoja. Mtoto alikuwa wa moto, hana hata mkwaruzo. Kichwa chake kilinukia mafuta ya cherehani.

Mama Pipi hakungoja kuulizwa. Alichukua tochi, akaenda shimoni, akafukua majani kwa mikono. Takataka zilizooza chini zilikuwa zimeshika joto, mkono ukasikia kabisa. Akayakuta maganda tisa. Kila moja limekatwa mviringo upande wa juu, sawasawa, kama kifaranga anavyokata mwenyewe kwa mdomo akiwa anatoka.

Vifaranga hawakuwemo. Hata mmoja.

"Paka," wifi alisema nyuma yake. Sauti yake haikuwa na uhakika. "Paka wa jirani huyo."

Halafu akaongeza, polepole, "Wifi, nikiwa bombani nilikusikia ukiongea. Nilisikia sauti yako tu. Mtoto… si wewe uliyemweka mle bandani? Umechoka, hulali. Sikulaumu, nauliza tu."

Mama Pipi alitazama mikono yake yenye uchafu. Alitaka kusema hapana. Hakuweza kuapa.

Simu iliita kabla hawajaingia ndani. Ni muuguzi. Alipewa namba hii na mgonjwa mwenyewe, alisema, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya karibu. Mgonjwa alifariki asubuhi, saa nne. Pole sana. Alikuwa akisema atatoka leo, ana wageni wadogo wa kuwapokea, na wao wakadhani ni homa.

"Wewe ni binti yake?" muuguzi akauliza.

Mama Pipi aliishusha simu sikioni. Wifi akaichukua.

Wiki moja baada ya mazishi alikuja dada yake Fundi kuhamisha vitu. Mama Pipi alimsaidia kubeba cherehani mpaka kwenye gari, akakaa naye mpaka dereva akawasha injini. Yule dada alimshukuru kwa kumtunzia marehemu chumba chake. Habari za kuku hakuuliza, na Soksi akabaki na Pipi.