Kidonge cha Eldrid

Kikombe kilirudi kimejaa, na maji yake yalikuwa yameganda juu.

Gudveig, karani wa shule yetu ya pwani, alikitazama kidogo, akayamwaga maji, akaendelea na kazi. Baridi ya Desemba huku kaskazini haimshangazi mtu. Jua lilikuwa limetuaga tangu Novemba, na saa sita mchana madirisha ni meusi kama masizi. Eldrid wa darasa la tatu alikuwa amekuja mlangoni, kofia ya koti imeshuka mpaka puani, akanyoosha mkono, akapewa kidonge chake cha kifafa na kikombe hicho cha maji ya kukimezea, akakirudisha, akaondoka bila neno. Mtoto kanuna, basi.

Muuguzi huja kwa feri mara moja kwa wiki. Siku nyingine zote dawa za wanafunzi zilikuwa mikononi mwa Gudveig, na tumpe haki yake: ufunguo wa kabati haukutoka shingoni mwake, na kila dawa ilikaa kwenye boksi lake lenye jina la mtoto. Kanuni moja tu aliidharau, ile iliyobandikwa juu ya kabati kwa herufi kubwa: kabla hujampa mtoto dawa, mwache aseme mwenyewe jina lake. Huku kwetu kumwuliza mtu jina ni kumtukana. Ni kama kusema umewasahau waliomzaa.

"Mtoto nilimshika mimi siku ya ubatizo wake, leo nimwulize yeye nani?" alimwambia mwalimu mkuu, Torleif. "Watu watasema nimeanza kuchanganyikiwa."

"Kwani hujaanza?" alisema Torleif, wakacheka.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Eldrid alianguka darasani na kipande cha mkate mkononi. Degedege lilimshika, likagoma kumwachia. Gudveig alikimbia na dawa ya dharura, akaitia shavuni mwa mtoto, na mwishowe mwili ukalegea. Wakamlaza kwenye chumba cha mapumziko, nyuma ya ofisi. Boti ya wagonjwa ikaitwa.

Jorunn, mama yake, alifika mbio kutoka kiwanda cha samaki, aproni bado imelowa.

"Gudveig, mwanangu unampa dawa au humpi?"

"Nampa kwa mkono wangu huu, kila mchana!"

"Mwenyewe kaniambia leo asubuhi hajaionja tangu wiki iliyopita."

"Basi anadanganya."

Mtoto akafumbua macho. "Kila nikija unaniambia nimeshapewa," alisema kwa sauti ndogo. "Unanifukuza."

Ni kweli, Gudveig alimfukuza. Alidhani mtoto anachezea dawa, anataka cha pili, na dozi mbili zingemdhuru.

"Na nyumbani siku hizi nikimwita hageuki," Jorunn alinong'ona. "Naita mpaka koo linanikauka. Kama vile jina si lake."

Gudveig alirudi ofisini. Ilikuwa saa sita. Ndipo zikasikika hatua ukumbini, si za soksi za sufu kama za watoto wengine bali za nyayo tupu zilizolowa, pwacha, pwacha, zikija polepole wakati watoto wote walikuwa wamefungiwa darasani na Torleif, na mbele ya hatua hizo ikatangulia harufu ya mwani uliooza na sufu mbichi na kitu kingine kitamu kitamu ambacho Gudveig alikikumbuka kutoka chumba alimofia mama yake, na kabla hajajua ainuke au akae, mkono ukaingia mlangoni, mdogo, wa samawati, kiganja wazi, ukingoja.

Akausukuma mlango kwa mwili wake wote. Mkono ukachopoka. Nje kitu kikaanza kulia, kilio cha mtoto mchanga kilichofunikwa na theluji.

Akampigia simu Petra, yule bibi wa ng'ambo ya ghuba ambaye husoma maneno ya kuzuia damu na kufukuza visivyoonekana. Petra husomea watu hata kwa simu.

"Ngoja nigeuze samaki," alisema Petra. Kisha akasikia kile kilio, na sauti yake ikabadilika. "Mwanangu, hicho ni kitoto cha zamani. Kilitupwa kwenye theluji kabla ya kubatizwa. Kinatafuta jina. Umekipa nini?"

"Dawa. Dawa ya Eldrid."

"Yenye jina lake juu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hukukiuliza chenyewe ni nani?"

Gudveig akaitazama ile kanuni juu ya kabati.

"Kiulize sasa. Kikinyamaza, kipe jina lolote, upesi, kitalala. Omba Mungu kinyamaze."

Alifungua mlango. Kofia ilikuwa chini mpaka puani, na maji yalitiririka sakafuni.

"Jina lako nani?" aliuliza.

Kimya. Matumaini yakampanda. "Nakupa jina, nakubatiza Gud..."

"Ahsante," kilisema, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Ninalo."

Kikageuka, kikaenda zake. Hakikuchukua kidonge.

Watu wa boti waliingia na machela, na theluji mabegani. Tabibu wao, kijana mpole, alipiga goti kando ya kitanda. Yeye kanuni aliifuata.

"Haya, mrembo. Niambie jina lako."

Msichana alimtazama. Akamtazama Gudveig, kisha mwanamke mwenye aproni aliyemshika mkono, kama mtu anayetazama abiria wenzake. Midomo ikatafuta, isipate.

"Mwanangu, sema," Jorunn alimbembeleza. "Sema, we... we..." Naye akakwama.

Nje, kwenye giza la uwanja, sauti ya mtoto ikaitikia kwa nguvu, kama watoto wanavyoitikia mwalimu akiita majina.

"Eldrid! Mimi ni Eldrid! Mama, nimefungiwa nje, nasikia baridi!"

Uso wa Jorunn ukang'aa. Akauachia ule mkono uliokuwa mkononi mwake, akainuka, akaenda kufungua mlango.