Mkunjo Uliokatika

Kila siku, kengele ya chakula cha mchana ikilia, mimi huwa wa mwisho kwenye foleni. Hiyo ni amri ya Mama. Mama ndiye mpishi wa shule yetu, na hataki mtu yeyote aseme kwamba binti yake anapendelewa. Nikifika mbele yake hunitazama kana kwamba hanijui, hunipakulia sawasawa na wengine, kisha husema, "Haya, songa." Nyumbani ndipo huniita mwanangu.

Jumatano ile hapakuwa na foleni. Wanafunzi walisimama nje ya bwalo, vikundi vikundi, sahani tupu mikononi. Ndani, Mama alikuwa nyuma ya sufuria, aproni nyeupe kifuani na upawa mkononi, hana wa kumpakulia.

"Kuna nini?" nikamuuliza msichana ninayekaa naye dawati moja.

Akarudi nyuma hatua mbili na kuziba pua. "Usinikaribie. Mama yako anatulisha homa ya matumbo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Tangu asubuhi picha ya karatasi ya maabara ilikuwa inazunguka kwenye simu, kutoka kikundi cha wazazi hadi kwa walimu, na kutoka kwa walimu hadi kwa kila mwenye masikio. Ilikuwa na jina la Mama, tarehe, saini na muhuri wa zahanati. Chini yake palikuwa na mstari huu: Homa ya matumbo: ANAYO.

"Tuliambiwa anapika, kumbe anaua," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa kiranja wa bwalo, mvulana wa darasa la saba tunayemwita Bwana Sahani, kwa sababu kila asubuhi huingia jikoni kuhesabu sahani na hutembea kana kwamba zote ni mali ya baba yake. Jumatatu, Mama alimtoa mbele ya foleni kwa kuwapitisha rafiki zake, akamrudisha mwisho huku shule nzima ikitazama.

Nikamgeukia. "Wewe, mimi na wewe tutakula sahani moja!"

"Sahani iliyooshwa na mama yako? Siili!" akajibu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilimrukia. Watu watatu walinishika, na hakuna hata mmoja wao aliyenishika kwa upole.

Mwalimu Mkuu alikuja mbio, simu yake ikilia mfululizo. Aliingia jikoni moja kwa moja, nami nikapenya nyuma yake. Katika shule yetu mpishi hupimwa kila baada ya miezi sita, na karatasi ya majibu hubandikwa kwenye ukuta wa jikoni, mahali ambapo kila anayeingia anaiona. Karatasi ya Mama ilikuwa pale, imeshikwa na pini ya bluu. Ilikuwa na tarehe ile ile, namba ile ile, saini ile ile na muhuri ule ule. Ila yenyewe ilisema: Homa ya matumbo: HANA.

Mwalimu Mkuu alitazama ukuta, akatazama simu, akakunja uso. "Mama Mpishi, moja kati ya hizi imeghushiwa. Na mwenye faida ya kuwa na karatasi safi ni nani?"

"Mwalimu, zahanati iko mtaa wa pili," Mama akasema. "Hata dakika kumi hazifiki. Tuma mtu akaulize."

"Wazazi ishirini wananipigia simu, unaniambia habari za kwenda kutembea?" Akaibandua karatasi na kuipeleka kwenye kabati la ofisini kwake. "Kesho saa tatu kuna mkutano. Wazazi wakikukataa, mimi sina la kufanya."

Maana yake ilikuwa wazi. Kesho saa tatu kibarua cha Mama kingeota nyasi, na mpishi aliyefukuzwa kwa sababu ya ugonjwa hapati jiko lingine popote mjini. Mimi na Mama tuko wawili tu. Jiko lile ndilo linalotuweka mjini.

Njiani kurudi nyumbani, jirani tunayesalimiana naye kila siku alimvuta mtoto wake ndani na kufunga mlango. Mama alipofika nyumbani aliivua aproni na kuanza kuifua, wakati ilikuwa safi kabisa. Nilimtazama akiisugua mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikatoka.

Nilikwenda dukani kwa Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye hutoa kopi, huchapa barua na hutengeneza mihuri ya mpira. Alikuwa anatoka kupeleka kazi ya mtu, akaniachia duka kama kawaida. Nikaketi mbele ya kompyuta. Tayari nilikuwa na mpango wangu. Picha ile ya uongo ningeifuta ANAYO, niandike HANA, halafu niisambaze kwa wazazi wote. Wameanza wao, nikajiambia, nami najua kuchapa kuliko wao.

Picha ilikuwa imeshamfikia Mjomba pia, kwenye kompyuta yake; nikaifungua na kuikuza. Karatasi ilikuwa na mkunjo, kwa sababu Mama alipotoka zahanati aliikunja mara mbili na kuitia mfukoni, na Mwalimu Mkuu alimkaripia kwa hilo siku ile ile. Nilikata kipande cheupe kutoka pembeni nikakiweka juu ya neno ANAYO. Mara mstari wa mkunjo, uliokuwa unashuka kutoka juu hadi chini, ukakatika pale kwenye kipande changu. Nikaona nimeharibu, mtu yeyote angegundua. Nikakiondoa ili nianze upya.

Mkunjo ulikuwa bado umekatika.

Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Mkunjo ulishuka kutoka juu, ukapita kwenye jina la Mama, ukapita kwenye tarehe, ukafika kwenye neno ANAYO ukatoweka. Chini ya neno ukaanza tena, ukaendelea hadi mwisho wa ukurasa. Karatasi haikunjiki hivyo. Mtu alikuwa amefanya kosa lile lile kabla yangu, kwa kipande cheupe kama changu.

"Pilipili, unafanya nini?" Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Ananiita hivyo kwa sababu ya hasira zangu.

"Narudisha ukweli, Mjomba."

Alitazama kioo, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona Mjomba amekasirika kwelikweli. "Unaurudisha kwa kughushi? Katika duka langu? Hao wanaomtukana mama yako umewapita nini?"

"Wao ndio walioanza!"

"Toka kwenye kiti. Ulichokifanya kifute sasa hivi, nikiwa naona."

Nilifuta. Kisha nikamwonyesha mkunjo. Mjomba akavuta kiti, akavaa miwani, akakuza picha sehemu kwa sehemu. Alinionyesha kwamba weupe wa nyuma ya neno ANAYO ulikuwa tofauti kidogo na weupe wa karatasi nzima. Alinionyesha pia kitu nilichokipita bila kukiona: juu kabisa palikuwa na kichwa cha pini ya bluu na ukingo mwembamba wa kijani. Ukuta wa jiko la shule ni wa kijani.

"Kwa hiyo huyu aliipiga picha karatasi halisi ikiwa pale pale ukutani," akasema polepole. "Kesho naandamana nanyi. Na wewe kesho unyamaze mpaka nikuite."

Kesho yake bwalo lilijaa wazazi. Hakuna aliyekaa karibu na Mama. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa fundi seremala, baba yake Bwana Sahani, mtu wa mabega mapana na mdomo usiojua kupumzika.

"Hatukuja kubembelezana," akasema. "Huyu mama atoke leo. Mwanangu anahesabu sahani zake kila siku! Akifa mtanilipa nini?"

"Atoke!" wengine wakaitikia. Mwanamke mmoja akamwambia Mama aone haya. Mama alikaa wima, mikono mapajani, na mimi nilitamani kuwang'ata wote.

Mjomba akasimama. "Ndugu zangu, karatasi ya ukutani iko wapi?"

"Ya nini wakati ni ya kughushi?" seremala akafoka.

"Kama ni ya kughushi, utaogopa nini kuitazama?"

Mwalimu Mkuu akaileta shingo upande. Mjomba akaigeuza nyuma na kuinyanyua mbele ya dirisha. Wino wa muhuri ulikuwa umepenya hadi upande wa pili, na kalamu ya mtaalamu wa maabara ilikuwa imeacha mifereji midogo unayoweza kuihisi kwa kidole. Kisha akaniita. Niliwaambia wafungue simu zao, wakuze neno ANAYO, kisha waufuate mkunjo kwa kidole kuanzia juu.

Kwa muda palisikika vidole tu vikigonga vioo. Kisha mzazi mmoja akasema, "Hebu. Umekatika."

"Kwenye karatasi yenyewe mkunjo unapita katikati ya neno HANA bila kukatika," Mjomba akasema. "Na muhuri? Mimi hutengeneza mihuri. Hata wewe ugonge mara mbili kwenye meza moja, hailingani: mmoja utainama, mwingine wino utafifia. Hii miwili inalingana hadi doa la mwisho. Basi ni muhuri mmoja uliopigwa picha. Lakini msiniamini mimi. Mimi ni ndugu yake. Waulizeni wenye daftari."

Safari hii Mwalimu Mkuu hakusema habari za kutembea. Alikwenda mwenyewe. Alirudi na mtaalamu wa maabara, mama mmoja mkavu wa maneno, daftari kubwa kwapani. Alisoma namba, akasoma jina, akasema, "Hana. Nilimpima mwenyewe. Mngeniuliza jana ningewajibu jana." Akafunga daftari na kuondoka.

Hapo Mama akasimama, akaishika simu ya Mwalimu Mkuu. "Pini hii ni ya jikoni kwangu. Karatasi ilibandikwa Jumatatu jioni. Tangu hapo hadi picha ilipoanza kuzunguka, waliingia jikoni watu wawili tu: mimi, na kiranja anayehesabu sahani."

Bwana Sahani aliitwa kutoka darasani. Alipoona macho yale yote hakungoja kuulizwa. Alilia hadi kamasi zikamtoka. Alikuwa ameazima simu ya kaka yake, akapiga picha, akaibadilisha kwa programu ya kuhariri ili kumkomesha Mama kwa ile aibu ya foleni. Seremala aliinua mkono ampige mwanawe.

"Ushushe mkono huo," Mama akasema. "Usimpige hapa ukadhani mambo yamekwisha. Wewe kijana, ulimtumia nani?"

"Rafiki zangu watatu tu, Mama Mpishi."

"Watatu." Mama akageuka, akawatazama watu wa bwalo zima. "Jana nimekataliwa na shule nzima. Hao wengine walitumiwa na nani?"

Watu wakatazama viatu vyao. Mjomba ndiye aliyesimama kwanza, uso umemshuka. "Dada, hata mimi. Niliituma kwa watu wawili kabla sijaikuza. Niliandika, 'Hivi ni kweli hii?'"

Mama alimtazama. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kelele zote za seremala. "Na wao wakatuma kwa wangapi, wakiuliza swali hilo hilo?"

Mmoja mmoja wakaanza kusimama, seremala akiwa miongoni mwao. Mwalimu Mkuu naye alisimama, akasema mbele ya wote kwamba alimkosea Mama, na kwamba kibarua chake hakijaguswa. Nilikuwa nawatazama kwa furaha mbaya, nikiwahesabu, mpaka nikaona Mjomba ananitazama. Nikainuka.

"Wewe ulimtumia nani?" Mama akauliza.

"Sijamtumia mtu. Lakini nilikuwa naibadilisha ile picha, niandike HANA, niwatumie wote. Mjomba alinikuta."

Nilitarajia kwamba, angalau kwa siku hiyo, angenionea huruma. Mama alinisogelea akiwa na karatasi yake mkononi.

"Ungeituma," akasema, bila kupandisha sauti, "leo wangekuta mkunjo umekatika kwenye yako pia. Wangejua kwamba nyumbani kwangu kuna mtu anayeghushi. Halafu hii ya kweli, mwanangu, nani angeiamini?"

Mama akawageukia waliosimama, akawaambia kila mmoja atoe simu, aandike kule kule alikotuma kwamba alisambaza uongo, na asiketi mpaka amemaliza. Wakaandika. Bwana Sahani aliandika kwa simu ya baba yake. Mimi sikuwa na wa kumwandikia, kwa hiyo nilisimama pale pale mbele ya Mama mpaka mtu wa mwisho alipoketi.