Oili Chafu

Mlangoni pa soko, kamba ya mbwa ilimzunguka fundi magari miguuni, akaenda chini pwaa na nyanya zake. Mwenye mbwa, mshonaji mwenye gauni la kijani, alicheka mpaka akajishika mbavu. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye nyanya zilizopondeka.

Mbwa aliitwa Kisebusebu. Miezi baadaye akaanza kunyonyoka manyoya, akatoka vidoa vya mviringo vyenye magamba masikioni na mgongoni.

"Ukurutu tu huo, mpenzi," fundi akasema, kifua mbele. "Niachie mimi."

Mshonaji alipokwenda kazini, fundi akampaka mbwa oili chafu ya injini. Mbwa akajilamba, akatapika, ngozi ikababuka.

"Huyu ni mbwa, si giaboksi!" mshonaji alilia, akimbeba kwenda kwa daktari wa mifugo. "Toka mbele yangu!"

Loo, aibu jamani! Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Simu yake ikaita, ni mshonaji, hakupokea. Ikaita tena, akaizima. Angesema nini, yeye mjuaji? Akajikuna mkono, akarudi chini ya gari.

Asubuhi moja viatu vyekundu vikasimama kando ya gurudumu.

"Toka huko."

Akatoka, grisi mpaka puani, mafundi wenzake wametoa macho.

"Kunja mkono wa ovaroli."

"Mbele za watu?"

"Kunja!"

Karibu na kiwiko palikuwa na duara jekundu.

"Nilijua! Daktari amepima manyoya. Si ukurutu, ni choa, fangasi. Huambukiza watu. Ndiyo maana nilikuwa nakupigia, wewe mwanamume!"

"Nilidhani unataka kunitukana."

"Na hilo lilikuwemo." Akamtia mkononi dawa ya kupaka.

"Kisebusebu je?"

"Anakula. Kanyolewa, anameza vidonge, anaogeshwa kwa dawa, matandiko nayafua kila mara. Na matibabu bado marefu. Nimechoka peke yangu."

"Akiniona atakimbia."

"Njoo ujionee."

Jioni fundi alipiga magoti uani kwa mshonaji, macho chini. Mbwa akamnusa vidole, akarudi nyuma. Akamnusa tena, kisha akalaza kichwa pajani pake. Fundi akalia bila kujificha.

"Nisamehe, mzee," akamwambia mbwa. Akamtazama mshonaji aliyesimama na ndoo. "Na wewe pia. Akipona, niwalete wazee wangu kwenu?"

"Vaa glavu umwogeshe kwanza," mshonaji akasema, akificha tabasamu. "Na siku nyingine nikikupigia, pokea simu."